Dole gumba ambalo sio la mama

Ilikuwa saa nne usiku hivi, mwaka 2022, nshafunga kibanda nahesabu floti ya siku, simu ikaingiza picha mbili kutoka namba ambayo sikuwa nimeisevu. Hakuna maneno, picha tu. Nikazikuza kwa vidole. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa juu wa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji chetu, tarehe ipo, agenda ya tatu ni ombi la mwekezaji kupewa ekari 300 za ardhi ya kijiji kule bondeni, na mwisho wake imeandikwa "wajumbe wote walikubali". Ya pili ilikuwa orodha ya mahudhurio, majina, kitongoji, sahihi. Nikaanza kushuka nayo jina moja moja nikafika la kumi na saba, jina la mama yangu mzazi, yote matatu, yamepangwa vizuri kabisa, na pembeni yake pale pa kusaini kuna dole gumba la wino wa bluu.

Nikarudia kuangalia. Mama yangu haweki dole gumba.

Ngoja niwaeleze hapa kidogo maana bila hili hamtaelewa kilichonipata. Mama hakupelekwa shule, babu alikuwa na mabinti wanne na wote aliwaacha nyumbani. Kusoma alijifunzia ngumbaru, ile kampeni ya Mwalimu ya kisomo cha watu wazima iliyolenga ikifika 1975 watu wazima wawe wanajua kusoma na kuandika, na mwaka huo huo mama akafanya mtihani akiwa binti wa miaka 17. Toka siku hiyo karatasi yoyote ikipita mbele yake anaandika jina. Kadi ya kliniki, fomu zetu za shule, daftari la vikoba, karatasi ya kupokelea mbolea. Anaandika taratibu sana, ile herufi ya kwanza anaichora na kamkia, kalamu kaishika kwa nguvu kama kashika mwiko wa ugali, na ukimsogezea pedi ya wino anakuangalia mpaka unairudisha mwenyewe ulikoitoa. Sasa mtu alikaa mahali akaandika jina la mama yangu halafu akabonyeza dole lake, akaona mama wa kijijini, mzee, huyu si ataweka dole tu.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, kijiji chetu kiko mkoa wa Morogoro, jina lake naliacha kwa sababu wote tuliohusika bado tunaishi na kuzikana pamoja. Kibanda changu kiko pale wanapopaki bodaboda, na kwa kazi hii unajikuta unajua mambo ya watu wengi kuliko hata mtendaji. Watu wanakuletea simu uwasomee meseji, uwaangalizie salio, uwaambie kwa nini hela ya mtoto aliyoko Dar haijaingia. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, zoezi lililoanza Mei 2019 na mwisho wake ukasogezwa mpaka Januari 20, 2020, nilikaa na wazee foleni nzima, vidole vimechakaa kwa jembe mashine haivisomi, tunafuta na kitambaa tunajaribu tena. Nawaambia hivi mjue kwamba simu kwetu huku haikuanza kama kitu cha siasa, ilikuja kama kitu cha kupokelea hela na kusikia msiba.

Siasa ililetwa na tozo. Julai 15, 2021 ile tozo ya miamala ilipoanza, shilingi 10 mpaka 10,000 kutegemea na kiasi, watu walifika kibandani kutoa hela wakakuta makato mapya wakafikiri nawaibia mimi. Kuna mama mmoja alinitukana mbele za watu, na simlaumu, alitoa hela ya dawa ya mtoto. Ilibidi nianze kueleza kwamba hii ni sheria imepitishwa bungeni, nani kaipitisha, mbunge wetu alikuwepo, alisema nini. Watu ambao toka nizaliwe sijawahi kuwasikia wakitaja neno bajeti wakawa wanasimama pale kwenye benchi la bodaboda wanabishana kuhusu bajeti, mmoja anasoma kwenye simu janja yake wengine sita wamemzunguka. Kelele zilikuwa nchi nzima, na Septemba ile ile tozo ikapunguzwa asilimia 30. Siku ile benchi lilishangilia kama tumefunga goli. Wale vijana walipata kitu ambacho sijui kama kingefika kwa njia nyingine, walielewa kwamba kitu kinachoamuliwa Dodoma kinaweza kuwakuta hapa na wao wakasema na ikasikika.

Grupu la WhatsApp la kijiji tulilianzisha kwenye moto ule ule. Mimi ndio nilikuwa admini pamoja na kijana mmoja fundi simu. Ndani ya miezi mitatu tulikuwa watu 200 na kidogo, lakini ukihesabu vizuri zaidi ya nusu hawakai kijijini, ni watoto wetu walioko Dar, Morogoro mjini, Dodoma, wengine Arusha. Mwanzo ilikuwa raha, misiba inatangazwa, michango inapatikana haraka, mvua imebomoa daraja mtu anapiga picha. Alafu ikawa kila kitu humo humo, mikeka ya kubeti, sala za asubuhi, dawa za nguvu za kiume, na umbea.

Kosa langu kubwa lilitokea humo na nalieleza maana ndilo lililonifundisha kabla ya lile jambo la ardhi kuja. Mwishoni mwa 2021 kuna mabati yalitolewa kwa ajili ya zahanati yetu, yakaonekana siku moja ofisini kesho yake hayapo. Mtu akapiga picha chumba kitupu akaituma, chini akaandika jina la mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji aliyekuwa anashika funguo. Mimi kama admini ningeweza kufuta. Sikufuta, tena niliongezea na maneno yangu, nikaandika wananchi tumechoka. Usiku ule ule ile picha ikazunguka magrupu mengine, ikafika mpaka kwa watoto wake walioko sekondari. Baada ya siku mbili ikajulikana mabati yamehamishiwa stoo ya shule kwa sababu paa la ofisi linavuja, na barua ya kuyahamisha ipo ina sahihi tatu. Yule baba hakunishtaki, na angeweza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na kusambaza taarifa ya uongo ni kosa lenye faini na jela. Alichofanya alikuja kibandani, akakaa, akasema mwanangu ungenipigia tu, namba yangu unayo. Basi. Nilimuomba radhi pale, lakini aliumia hadharani kwa hiyo nikaenda nikaomba radhi kwenye mkutano wa kitongoji nimesimama mbele za watu. Mtoto wake wa pili alikuwa ashahamishwa shule kwa kuzomewa. Hilo halirudi.

Toka siku hiyo tukaweka sheria moja tu kwenye grupu, usitaje jina la mtu bila karatasi. Una karatasi leta, huna karatasi uliza swali.

Ndio maana zile picha mbili zilipoingia sikuzifowadi. Na mkono ulikuwa unawasha, nawaambia ukweli.

Asubuhi nikaenda kwa mama, nikamkuta anapeta mchele, nikampa simu. Aliishika mbali na macho, akaisogeza, akasoma jina lake kwa sauti kama anavyosoma kila kitu, alafu kidole chake kikagusa lile dole kwenye skrini. Akaniuliza, "Hili dole la nani?" Nikamwambia sijui mama. Akaniuliza tena, "Tarehe hii mimi nilikuwa wapi?" Tukahesabu, alikuwa hospitali ya wilaya anamuuguza dada yangu aliyejifungua kwa opresheni. Tukaendelea kushuka na orodha, majina 112, tukakuta mzee mmoja ambaye toka mwaka jana yuko kwa mwanae Iringa, tukakuta mapacha wawili ambao wameandikwa mara moja moja kwa sahihi inayofanana. Mama hakupandisha sauti. Alirudi kwenye ungo wake akaendelea kupeta, ila alikuwa anapeta mchele ambao ushakuwa msafi.

Nikafuata utaratibu. Nilienda ofisini kuomba kuona kitabu cha mihtasari, nikaambiwa kiko wilayani kinakaguliwa. Siku ya pili nikaambiwa mtendaji yuko semina. Siku ya tatu ndio nikaziweka picha kwenye grupu nikiwa nimefunika majina ya watu wengine, nikaacha la mama kwa ruhusa yake, nikaandika swali moja, nani alikuwepo kwenye mkutano huu?

Usiku ule zilipita meseji zaidi ya 400. Voisi za dakika tano tano. Wa Dar ndio walikuwa wakali kupita wote, kuna aliyesema tuchome ofisi, kuna aliyesema anamjua mwandishi wa habari, kuna aliyesema anamjua mtu wizarani. Nililala saa tisa najisikia kama tumefanya kazi kubwa sana. Kesho yake meseji 150. Kesho kutwa mtu akatuma matokeo ya Simba na Yanga, na mjadala ukahamia huko. Baada ya wiki hakuna aliyekuwa anazungumzia ekari 300 isipokuwa mama yangu, ambaye simu yenyewe anayo ya kitochi.

Aliniuliza jioni moja tunakula, "Huko kwenye simu mmekubaliana nini?" Nikamwambia bado tunajadili mama. Akasema, "Wale mnaojadili nao wanalima bonde lipi?"

Swali lile lilinikaa. Kwa sababu kwa sheria yetu ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 kifungu cha 8 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kukubali kwanza. Yani ule muhtasari wa uongo ulitengenezwa kwa sababu wanajua wenye nguvu ni sisi tukikaa pamoja. Hawakuhitaji kughushi grupu la WhatsApp. Walighushi mkutano. Yule kijana wa Dar mwenye meseji 60 kwa usiku mmoja hana kura hata moja pale chini ya mwembe, na mama yangu asiye na WhatsApp anayo.

Basi tukaanza upya. Tukaandika barua ya kuomba mkutano mkuu uitishwe, ambao kwa utaratibu unatakiwa kila miezi mitatu na wa mwisho wa kweli ulikuwa na miezi tisa, nakala kwa mtendaji wa kata na ofisi ya mkuu wa wilaya. Sahihi zilikusanywa kwa miguu na kwa bodaboda, vitongoji vitano, siku nne. Hapo simu ilisaidia kwelikweli, maana dereva wa kitongoji cha mbali akikwama ananipigia nazungumza na mzee wa pale moja kwa moja, shikamoo baba, mimi ni fulani wa fulani, barua hii inasema hivi na hivi.

Kuwaita watu mkutanoni ndio nilijifunza mengi zaidi. Kwa hesabu yangu ya pale kibandani, wateja kumi wakija saba wana kitochi. Kwa hiyo WhatsApp haisaidii, ni meseji za kawaida, na mimi kwenye daftari langu la uwakala nina namba za karibu kijiji kizima. Nilikaa na lile daftari mbele yangu usiku mmoja na nikaamua siligusi. Zile namba watu wamenipa kwa ajili ya hela zao. Nilianza kuuliza mmoja mmoja anayekuja, je naweza kukutumia meseji za mikutano ya kijiji, anayekubali naandika kwenye daftari jingine. Nikapata namba 74 ndani ya wiki mbili. Bando la meseji la siku lilinitosha kuwatumia wote.

Sasa sikilizeni. Kwenye zile 74, wanawake walikuwa 11. Simu ya nyumba ni ya baba. Nikituma meseji kwa baba inasema "wewe na familia mnaombwa", baba anasoma, anaweka mfukoni, anaenda yeye. Nilimuuliza jirani yangu mmoja kama amepata taarifa, akaniambia taarifa gani, wakati mumewe nilimtumia siku tatu nyuma na akanijibu sawa! Kwa hiyo kwa wanawake tulipita njia nyingine kabisa, vikundi vya vikoba, tuna tisa, wanakutana kila wiki na hesabu zao zinasomwa kwa sauti. Tukatangaza kanisani, tukaomba msikitini watangaze baada ya sala ya Ijumaa, na mgambo akapita na mbiu jioni ya kuamkia mkutano. Nikiulizwa leo ni nini kiliwaleta watu nitasema ni vyote hivyo, na simu ilikuwa mojawapo, ila ningeiachia simu peke yake nusu ya kijiji isingejua.

Walikuja zaidi ya 300. Sijawahi kuona watu wengi vile pale mwembeni isipokuwa kwenye msiba.

Mwenyekiti alifungua, mtendaji akasoma agenda, hiyo ya ardhi haimo. Watu wakasema iongezwe. Wakabishana karibu nusu saa mpaka ikaongezwa. Mtendaji akasema hakuna ardhi iliyogawiwa, ni uzushi wa mitandaoni. Nikanyanyua mkono, nikasimama na simu, miguu inatetemeka, nikasema nina picha ya muhtasari. Akajibu kwa upole kabisa, picha ya kwenye simu sio ushahidi, siku hizi picha mtu anatengeneza chochote. Na watu wengine wakaitikia, kweli, siku hizi wanatengeneza. Nilikosa la kusema. Ile simu niliyokuwa naiona ndio silaha yangu ikawa kitu cha kushika tu.

Mama akanyanyuka. Hakunyoosha mkono, alitembea tu mpaka mezani, akasema, "Mwenyekiti naomba kalamu na karatasi." Akapewa. Akainama pale mezani akaandika jina lake, majina yote matatu, na kile kimkia. Ilichukua muda. Watu 300 na kitu wamenyamaza unasikia kuku. Akaiinua ile karatasi akaionyesha huku na huku, akasema, "Mimi nimesoma ngumbaru. Sahihi yangu ni hii. Kileteni hicho kitabu tuone dole langu." Akarudi kukaa kwenye kanga yake.

Wakaanza kusimama wengine. Yule wa mapacha. Mjukuu wa mzee wa Iringa, ambaye alipiga simu pale pale akaweka lauspika, mzee akasikika anasema mimi mwaka mzima sijafika huko. Hapo simu ikarudi kuwa na kazi, maana nyuma yake kulikuwa na watu wanaomjua yule mzee na sauti yake. Mkutano ukaamua, kitabu kiletwe ndani ya siku saba, na kwa sasa hakuna ardhi inayotolewa bondeni, na uamuzi uandikwe na usomwe kabla watu hawajatawanyika. Ukaandikwa. Ukasomwa. Fundi simu akaupiga picha ukiwa bado haujakauka wino, na ndio kitu cha kwanza kwenye grupu ambacho hakuna aliyekibishia.

Nisiwadanganye kwamba iliisha vizuri. Kitabu kilikuja baada ya wiki tatu na kurasa zile hazimo. Watu wa wilaya walikuja wakahoji, mtendaji akahamishwa kituo, hatujui alikutwa na hatia au la. Hakuna aliyeshtakiwa kwa dole la mama. Bonde lipo bado letu. Na kuna vijana mpaka leo hawanisalimii vizuri kwa sababu mwekezaji alikuwa ameahidi ajira, na mimi siwezi kuwaambia ahadi ile ilikuwa ya uongo, sijui. Ninachojua ni kwamba walistahili kuisema hoja yao mkutanoni na wakakataliwa au wakakubaliwa wakiwa wamesimama, kama sisi.

Baada ya pale mtendaji mpya alikuwa muelewa, mapato na matumizi yakawa yanabandikwa kwenye ubao na sisi tunapiga picha tunaweka kwenye grupu. Nilifurahi sana. Miezi sita baadaye, mkutano wa 2023, tulikuja watu 43. Arobaini na tatu! Kila ninayemuuliza ananijibu, si tumeona kwenye grupu. Kumbe nilikuwa nimewapa watu sababu ya kubaki nyumbani. Tukakaa na fundi tukaamua tarakimu hatuziweki mpaka mkutano upite, kabla yake tunaweka tarehe na agenda tu. Tulipigwa maneno sana, hasa na wa Dar, kwamba tunaficha taarifa. Nawaelewa, michango ya zahanati wanatoa wao. Lakini ubaoni zimebandikwa toka siku ya kwanza, mkazi anaweza kwenda kuziona kwa macho yake, na mkutano uliofuata tulikuwa 160. Bado sina uhakika kama tulifanya sawa.

Baba yangu, ambaye hapendi simu, aliniambia kitu kuhusu hili. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio inaitwa Mtu ni Afya. Redio kwenye kijiji zilikuwa mbili tatu. Watu wanakaa kwa vikundi, wanasikiliza kipindi, redio inazimwa, wanajadili, alafu wanatoka na majembe wanachimba vyoo. Anasema redio ingekuwa ya kila mtu na nyumbani kwake vile vyoo visingechimbwa. Mimi siendi mbali kiasi hicho, lakini pale "redio inazimwa" napafikiria sana.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 grupu lilifanya kazi nzuri kuliko siku zote. Watu wengi walidhani kadi ya mpiga kura inatosha, kumbe kulikuwa na orodha yake, kujiandikisha ni Oktoba 11 mpaka 20. Nilirekodi voisi ya dakika moja kwa lugha ya kawaida, wenye simu janja wakawa wanawawekea wazazi wao wasikilize, na mwisho nilisema nenda na mkeo, nenda na mumeo. Wanawake walijaa.

Na ilipofika Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima. Siku kama tano. Mjini kulikuwa na maandamano na vurugu, watu wamekufa, Dar kuna amri ya kutotoka nje usiku, na grupu lile lenye watoto wetu wote walioko Dar liko kimya, tiki moja, tiki moja, tiki moja. Wazazi walikuja kibandani toka alfajiri wamebeba vikaratasi vya namba. Kupiga kwa kawaida huku kwetu kulikuwa kunashika, kwa hiyo nilikaa napiga namba moja baada ya nyingine, mama fulani kasimama mbele yangu kashika kona ya kanga mdomoni, inaita, inaita, akipokea mtu nampa mzazi simu nageukia pembeni. Sikutoza mtu hata shilingi. Kuna simu mbili ziliita siku tatu bila kupokelewa, wote wawili baadaye walipatikana wazima, lakini zile siku tatu sizisahau. Nilikuwa naona jinsi tulivyokuwa tumeweka kila kitu kwenye kamba moja ambayo mtu mwingine ndiye ameshika ncha yake.

Toka hapo daftari la namba naliandika kwa kalamu, mawili, moja kwangu moja kwa katibu wa vikoba, na kila kitongoji kina mtu wa kupita kwa miguu. Namba za meseji sasa ni 131, wanawake 58, wengine wameanza kununua vitochi vyao kwa hela ya vikoba.

Juzi nilikuwa naandaa meseji ya mkutano unaokuja, agenda ni mapato na matumizi na mpaka wa bondeni upimwe. Nikamsomea mama. Akasema sawa, ila ongeza kitu. Nikaongeza, ikatoka hivi: "Mkutano mkuu wa kijiji Jumamosi saa tatu asubuhi, shuleni mwembeni. Mapato na matumizi, na mpaka wa bonde. Mwambie na wa nyumbani kwako. Mahudhurio ni kwa kuandika jina, njoo na kalamu."